Je, Aliyepata Kufungwa Aweza Kuandikwa Askari?

Rais wa nchi yetu aliwaita vijana waingie jeshini katika hotuba yake ya tarehe 3 Novemba 2022, akawaita tena tarehe 29 Januari 2025, siku chache baada ya M23 kuingia Goma. Tangu hapo sisi waalimu wa pande za Kasongo na Kabambare tumeulizwa maswali mengi ambayo hayamo katika vitabu vya shule. Wengine wauliza habari za umri, wengine habari za cheti, wengine wataka kujua kama mwenye kidonda cha zamani atakubaliwa na daktari. Lakini liko swali moja ambalo huulizwa kwa sauti ya chini, wakati wengine wamekwisha kwenda zao. Mama mmoja wa njia ya Kabambare alilileta hivi: "Mwalimu, mtoto wangu alifungwa miezi minne kwa ajili ya baiskeli ya watu. Baba yake alilipa, mtoto akatoka, sasa ametulia na analima. Anataka kuandikwa askari. Kule watamwambiaje?"

Nilimwomba aketi, kwa maana jibu lake halikuwa la neno moja. Najua wako wazazi wengine wenye swali hilo hilo ambao waona haya kuliuliza. Kwa hiyo naliandika hapa, pamoja na mambo ambayo mama yule hakuyauliza lakini yameshikamana nalo.

Tuanze na sheria. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 189, yaagiza kwamba watu wa jeshi, tangu askari wa chini hata wakubwa wenye kuamuru, wapatikane kwa kutazama mambo haya: afya ya mwili, elimu ya kutosha, mwenendo mwema uliothibitika, na haki ya kila mkoa kupata sehemu yake. Sheria namba 13/005 ya tarehe 15 Januari 2013, ambayo yaeleza hali ya askari, haki zake na wajibu wake, imejengwa juu ya msingi huo. Angalieni neno "uliothibitika". Katiba haikuridhika na mwenendo unaosifiwa na mjomba au na rafiki. Yataka uwe na ushahidi. Ndiyo sababu wenye kuandika askari hutaka karatasi: cheti cha mwenendo kutoka kwa watawala wa mahali kijana akaapo, na karatasi itokayo katika daftari la hukumu, ile ambayo watu wa ofisi huiita kwa Kifaransa casier judiciaire. Daftari hilo laandika jambo moja tu, yaani hukumu ambayo mahakama imeitoa juu ya mtu.

Basi jibu fupi ni gumu. Aliyehukumiwa kifungo kwa kubaka, kwa kuua, kwa kuvunja nyumba au kwa kupora watu njiani, asidanganywe: mlango wa jeshi kwake umefungwa, na yafaa ukae hivyo. Aliyehukumiwa kwa kosa dogo ataukuta mlango mwembamba, na mwenye kuamua si mwalimu wala si padri, bali ni watu wa jeshi wenye kazi hiyo. Hata hivyo wako vijana wengi wajionao kuwa wamefungiwa nje wakati sheria haiwahesabu hivyo, na wengine wajionao kuwa safi kumbe sivyo.

Huku kwetu twasema "alilala boloko" kwa mambo mawili yaliyo mbalimbali kabisa. Kijana aliyekamatwa sokoni jioni, akawekwa ndani usiku, akaachwa kesho yake baada ya jamaa kuja, huyo amelala boloko. Na kijana aliyesimama mbele ya hakimu, akasomewa kosa lake, akajibu, akapewa miezi na kuimaliza, huyo naye twasema amelala boloko. Mbele ya sheria watu hawa wawili hawafanani hata kidogo. Kifungu cha 17 cha Katiba chasema kwamba kila mshitakiwa ahesabiwa kuwa hana kosa mpaka hukumu ya mwisho ithibitishe kosa lake. Kifungu cha 18 chasema kwamba polisi hawana ruhusa ya kumshika mtu zaidi ya saa 48 bila kumwacha au kumpeleka kwa wakubwa wa sheria. Basi wa kwanza hana hukumu yo yote. Alipata usiku mbaya na mbu wengi, lakini hakuandikwa katika daftari. Vivyo hivyo mtu aliyetoa mbuzi mbele ya wazee ili kumaliza ugomvi wa shamba hakuhukumiwa na hakimu. Amepatana na jirani yake, basi.

Tena iko hukumu yenye masharti. Hakimu aweza kutamka adhabu, kisha aamuru isitekelezwe kwa muda fulani, akimwambia mkosaji: nenda nyumbani, ukae vema. Mtu asipohukumiwa tena katika muda huo, hukumu ile yahesabiwa kana kwamba haikuwako. Nimewaona watu wazima waliopewa hukumu ya namna hiyo, ambao hata baada ya miaka kumi hawajui kwamba mzigo wao ulikwisha kuanguka njiani. Hawakuelezwa, au walielezwa kwa Kifaransa, wakaitika "ndiyo" kwa hofu.

Watu huchanganya pia rehema ya Rais na msamaha wa sheria. Kwa kifungu cha 87 cha Katiba, Rais aweza kuondoa adhabu, kuipunguza au kuibadili. Mfungwa aliyeachiliwa kwa rehema hiyo arudi nyumbani, lakini hukumu yake yabaki katika daftari. Lililoondolewa ni siku za kifungo tu. Msamaha wa sheria hupigiwa kura na wabunge, nao wafuta kosa lenyewe. Kijana aliyetoka gerezani kwa rehema, akajitangaza katika mtaa wote kwamba amesafishwa, ataaibika siku ya kuonyesha karatasi zake.

Na watoto? Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda watoto yasema kwamba aliye chini ya miaka 14 hawezi kudaiwa kosa la jinai, na aliye kati ya 14 na 18 apelekwa kwa hakimu wa watoto. Sheria hiyo hiyo yakataza kabisa kumtia mtoto jeshini, katika polisi au katika makundi yenye silaha, na mkubwa afanyaye hivyo astahili kifungo cha miaka 10 hata 20. Kwa hiyo kijana wa Kabambare aliyechukuliwa na watu wa msituni akiwa na miaka 12, akabebeshwa risasi na mihogo, hana deni kwa serikali kwa sababu ya kuchukuliwa. Wenye deni ni wale waliomchukua. Naandika hivi kwa sababu wako watoto wa namna hiyo ambao leo ni vijana wa miaka 20, nao hujificha mbele ya mwenye ofisi kama wezi.

Wazee wakisikia kwamba kijana aweza kukataliwa jeshini kwa ajili ya baiskeli, hushangaa. Katika masimulizi waliyoyapokea kwa baba zao, jeshi lilikuwa mahali pa kumtupa mtu asiyetakiwa. Serikali ya Mfalme Leopold, ile iliyoitwa Bula Matari, ilipoanza kukusanya askari kwa nguvu mwaka 1891, iliwataka masultani watoe vijana kwa hesabu. Sultani naye alifikiri: nimtoe nani? Mara nyingi alimtoa mtumwa, au mgomvi, au yule aliyekuwa na kesi ya mke wa mtu. Kazi yenyewe ilikuwa ya miaka 7, na wengi hawakurudi. Kwa njia hiyo kijiji kilimaliza kesi zake, na Bula Matari akapata askari.

Hapo tusimame kidogo, maana habari za nchi yetu ya Maniema zina fundisho lisilosomwa sana. Mwaka 1893 majeshi ya Serikali chini ya Dhanis yaliteka Nyangwe mwezi wa Machi na Kasongo mwezi wa Aprili, wakawashinda Waarabu na Waungwana wao. Pamoja na Dhanis alikuwako Gongo Lutete wa Ngandu, mtu wa vita aliyekuwa kwanza upande wa Tippu Tip, akageuka mwaka 1892. Watu wake walikuwa wamezoea kuteka vijiji na kula nyara. Mwezi wa Septemba 1893 Wazungu fulani wa Serikali walimshitaki Gongo kwa uhaini, wakamhukumu kwa haraka, wakampiga risasi. Baadaye askari wake wengi waliingizwa katika jeshi la Serikali huko Luluabourg. Hakuna aliyeuliza walikuwa wamefanya nini kabla ya hapo, wala waliweka nini moyoni juu ya kifo cha bwana wao. Walijua bunduki, hilo lilitosha.

Mwezi wa Julai 1895 waliasi, wakamwua mkubwa wao, Kapteni Pelzer. Miaka miwili baadaye msafara mkubwa wa Dhanis uliokuwa ukienda upande wa Nile uliasi vilevile, na waasi wakateremka kusini mpaka kwetu. Mwaka 1898 waliitwaa Kabambare yenyewe, na Serikali ikairudisha mikononi mwake kwa vita. Vijiji vilivyokuwa njiani vililisha waasi, kisha vikalisha waliowafuata waasi. Mwenye kuona kwamba mambo ya kuchagua askari ni kazi ya makarani wa Kinshasa tu, na akumbuke Kabambare ya mwaka 1898.

Nisiseme mengi juu ya miaka ya katikati. Jeshi la Wabelgiji lilipata nidhamu kali, tena ya fimbo. Baada ya Uhuru amri ilivunjika siku ya tano tu, tarehe 5 Julai 1960, na matunda yake yalionekana hata karibu nasi. Huko Kindu, tarehe 11 Novemba 1961, askari waliwaua Waitalia 13 wa ndege za Umoja wa Mataifa. Huko Kongolo, jirani zetu wa kusini juu ya mto Lualaba, tarehe 1 Januari 1962, waliwaua wamisionari 20 wa Shirika la Roho Mtakatifu kwa siku moja. Wauaji hawa walikuwa na nguo za serikali na namba za jeshi. Ndipo watu walijifunza kwamba raia asiye na silaha hana ulinzi mwingine mbele ya askari ila mwenendo wa yule askari na sauti ya mkubwa wake.

Sasa nafika mahali penye uchungu. Baada ya vita vya 1996 na 1998, wakubwa walipatana Pretoria tarehe 17 Desemba 2002. Katika mapatano hayo majeshi yote yaliyopigana, ya Kinshasa, ya RCD, ya MLC, ya Mai-Mai na mengine, yalipaswa kuchanganywa kuwa jeshi moja. Wafaransa huita kazi hiyo brassage, kama vile kupika pombe: vyote chunguni, kisha koroga. Sisemi kwamba kulikuwa na njia nyingine rahisi. Nchi ilichoka, na mwenye bunduki hakukubali kuiweka chini bure. Lakini watu waliingia kwa makundi, pamoja na vyeo walivyojipa msituni, na hakuna aliyedaiwa karatasi ya mwenendo.

Matokeo yameandikwa katika hukumu za mahakama. Germain Katanga wa Ituri alifanywa jenerali mwezi wa Desemba 2004. Mwaka 2014 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko La Haye ilimpa miaka 12 kwa ajili ya mauaji ya kijiji cha Bogoro. Jérôme Kakwavu, naye wa Ituri, alipewa ujenerali. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Kijeshi ya Kinshasa ilimhukumu miaka 10 kwa makosa ya vita, pamoja na kubaka. Bosco Ntaganda alikuwa akitafutwa na mahakama ya La Haye tangu 2006, na barua ya kumkamata ilitangazwa mwaka 2008. Hata hivyo mwaka 2009 aliingizwa jeshini akiwa jenerali. Mwaka 2012 aliasi pamoja na wenzake, na uasi huo ndio uliozaa M23. Mwaka 2013 alijitoa mwenyewe, na mwaka 2019 akahukumiwa miaka 30. Je, hamwoni kwamba ni habari ile ile ya Luluabourg? Watu wameingizwa kwa sababu wana bunduki, bila kuulizwa walikotoka. Kisha waasi, na raia walipa.

Na askari asiye na mwenendo si hatari wakati wa kuasi tu. Mwezi wa Februari 2011, huko Baraka katika Fizi, ng'ambo ya mpaka wetu wa mashariki, mahakama ya kijeshi iliyosafiri mpaka kwa wananchi ilimhukumu Luteni Kanali Kibibi Mutware miaka 20. Sababu ni ubakaji uliofanywa na watu wa kikosi chake katika mji wa Fizi tarehe 1 Januari mwaka huo. Kikosi hicho kilikuwa cha serikali, na hakimu aliyemhukumu alikuwa wa serikali hiyo hiyo. Wanawake walisimama mbele ya mahakama, wakasema yaliyowapata. Nalitaja jambo hili ili wazazi wajue kwa nini Katiba yauliza mwenendo wa kijana kabla ya kumpa bunduki. Swali hilo halikuwekwa ili kumdhulumu maskini.

Lakini mama wa yule kijana wa baiskeli alikuwa na haki ya kuniuliza swali la pili, ingawa hakuliuliza. Mwanawe alifanya kosa la baiskeli, akakamatwa, akahukumiwa, akaonja mihogo ya gerezani kwa miezi minne. Jina lake liko katika daftari. Jirani yake alikwenda msituni, upande wa Salamabila, mahali penye dhahabu ya Namoya, ambako kundi la Mai-Mai Malaika limesumbua watu kwa miaka mingi. Huko alichimba, alilinda kizuizi, alitoza watu wa baiskeli, na labda alifanya na mengine. Hakukamatwa, kwa maana kutoka vijiji vya ng'ambo ya mto Luama mpaka kwa hakimu ni safari ndefu, na shahidi aogopa kurudi nyumbani. Jina lake haliko katika daftari lo lote. Siku ya kuandikwa, nani mwenye karatasi nyeupe?

Daftari la hukumu laonyesha wale tu waliofikiwa na hakimu. Mahali penye hakimu karibu, karatasi nyeupe ni ushahidi mzuri. Mahali ambapo hakimu hafiki, yaonyesha tu kwamba hakufika. Vijana wetu si wajinga, wameona jambo hili. Wameona pia kwamba aliyeanza msituni akitoka na watu mia moja nyuma yake hupokelewa kwa mikutano na mipango, na aliyeanza gerezani hupokelewa kwa mlango uliofungwa. Kijana mwenye njaa akikaa na mawazo hayo, njia ya kwenda jeshini huiona ikipita Salamabila. Jambo hilo ndilo linitialo hofu kuliko karatasi zote.

Haifai kusema kwamba serikali haikuona kosa hili. Sheria ya msamaha ya tarehe 11 Februari 2014 ilifuta makosa ya uasi na ya vita yaliyofanywa tangu Januari 2006 mpaka tarehe 20 Desemba 2013, lakini iliwaacha nje wenye mauaji ya halaiki, makosa juu ya utu wa watu, makosa ya vita, utesaji, ubakaji na kuingiza watoto jeshini. Tena kila mtu alipaswa kutia sahihi mwenyewe, kuahidi kwamba hatarudia. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulisimamisha msaada wake kwa vita vya jeshi letu dhidi ya FDLR, kwa kuwa majenerali wawili waliochaguliwa kuviongoza walishukiwa makosa makubwa juu ya raia. Kumbe mtu aweza kuchunguzwa kwa matendo yake hata kama hana hukumu. Na mpango wa kunyang'anya silaha ulioanzishwa kwa amri ya Rais mwezi wa Julai 2021 ulikataa desturi ya kuwapokea wapiganaji jeshini kwa makundi na vyeo. Ulitaka warudi vijijini mwao, wasaidiwe kufanya kazi. Lakini mwaka 2023, vita vya Kivu ya Kaskazini vilipozidi, sheria mpya ilianzisha akiba ya jeshi kwa ajili ya raia wenye kujitolea, na vijana wengi wa makundi yaliyojiita Wazalendo waliitazama kama mlango wao.

Mimi kwa maoni yangu ningeugeuza utaratibu. Aliyehukumiwa kwa kosa dogo, akamaliza adhabu yake, akakaa miaka kadhaa kijijini bila ugomvi, yeye tunamjua: tunajua kosa lake, kiasi chake na mwisho wake. Wazee waweza kumshuhudia. Aliyetoka msituni hatumjui. Huyu wa pili ndiye wa kuulizwa sana, mmoja mmoja, tena waulizwe wanawake wa vijiji alivyopitia. Katiba imetaka mwenendo uliothibitika kwa wote wawili.

Msidhani kwamba taabu hii ni ya Kongo peke yake. Kenya wakati wa kuandika askari hukataa aliyepata hukumu ya jinai, na vijana wa huko hutafuta cheti cha mwenendo mwema kwa polisi. Wafaransa tangu 1831 wana Lejioni yao ya Wageni, ambayo ilijulikana kwa kuwapokea watu waliotaka kuacha maisha yao ya kwanza nyuma. Urusi ilitoa wafungwa gerezani mwaka 2022 ili wapigane Ukraine kwa ahadi ya kuachiliwa. Wengi walikufa, na wengine waliorudi walifanya makosa makubwa tena vijijini mwao. Ukraine nayo mwezi wa Mei 2024 ilipitisha sheria ya kuwaruhusu wafungwa fulani waingie jeshini, ikawaacha nje waliobaka na waliofanya makosa mazito. Serikali ikibanwa na vita, hulegeza kamba. Hilo si geni. Tofauti iko katika kuuliza kwanza nani aingie na nani abaki.

Wazazi wengine huniambia: "Lakini kule Kaniama-Kasese wanawapokea hata kuluna." Ni kweli, tangu mwaka 2020 vijana wa magenge ya Kinshasa wamepelekwa huko, katika mkoa wa Haut-Lomami, chini ya Huduma ya Taifa. Wamefundishwa kulima mahindi, kushona, kujenga na kutengeneza madawati. Wakubwa wa kazi hiyo ni watu wa jeshi, na vijana huvaa sare na kupiga mguu. Lakini kazi yenyewe ni ya jembe na msumeno. Aliyepelekwa Kaniama hakuandikwa askari, na wazazi wasichanganye mambo haya mawili.

Sasa lile nililomwambia mama. Kwanza, mtoto asibadili jina. Wako vijana waliojiandikisha kwa jina la ndugu mdogo ambaye hajapata kufungwa, au kwa mwaka wa kuzaliwa usio wao. Kughushi maandishi ni kosa ambalo sheria ya adhabu yalihukumu mpaka miaka 5, na mwenye kutumia karatasi ya uwongo akijua ni ya uwongo huadhibiwa pia. Kijana aliyekuwa na miezi minne ya baiskeli atakuwa na hukumu mpya iliyo nzito kuliko ya kwanza. Pia jeshini jina la uwongo ni taabu kwa familia: askari akifa vitani, mjane na watoto watadai mshahara wa mtu ambaye yu hai na analima Kabambare.

Pili, asinunue cheti. Njiani hapakosi mtu mwenye suruali nzuri na mkoba, asemaye kwamba ndugu yake yuko katika ofisi fulani, na kwa pesa kidogo daftari litafutwa. Daftari la hukumu halifutwi na mtu wa njiani. Pesa hiyo ingefaa zaidi kwa mbegu.

Tatu, aende kuona kwanza ni nini hasa kilichoandikwa. Huenda hukumu ilikuwa ya masharti na imekwisha kufa. Huenda aliwekwa ndani miezi minne akingoja hakimu, kisha akaachiliwa bila kuhukumiwa. Hayo hutokea zaidi ya inavyodhaniwa, na mtu wa namna hiyo hana hukumu yo yote ingawa ameteseka. Huenda kweli alihukumiwa, naye atajua kosa liliandikwa kwa jina gani, maana wizi wa mchana si sawa na wizi wa usiku kwa kuvunja nyumba. Mama yule hakujua hata moja la mambo haya. Alijua miezi na baiskeli tu.

Akiulizwa na wenye kuandika, aseme kweli, kwa maneno machache, pasipo kulia wala kujigamba: kosa lilikuwa hili, nalifanya mwaka huu, nalimaliza adhabu tarehe hii, tangu hapo nakaa kwa fulani na kazi yangu ni hii. Wakimkataa, arudi. Kasongo na Kabambare zina kazi nyingine zisizouliza daftari: udereva wa pikipiki, useremala, shamba la mpunga, uashi. Najua mshahara wa askari waonekana mtamu machoni pa kijana asiye na kitu, lakini amwulize mke wa askari ye yote mwaminifu namna mshahara huo unavyofika.

Tena neno moja kwa jamaa za walio gerezani sasa. Siku ndugu yenu atakapoachiliwa, msikimbilie kumvika nguo na kumpeleka nyumbani kabla ya kuomba karatasi ya kuachiliwa na nakala ya hukumu. Ombeni siku hiyo hiyo, wakati karani angali anamkumbuka na kitabu kingali mezani. Ziwekeni katika sanduku lisiloingia maji, pamoja na cheti cha ubatizo na vyeti vya shule. Mama wa Kabambare hakuwa nazo. Wiki iliyofuata mwanawe alipanda baiskeli, safari hii ya baba yake, akaenda Kasongo kuzitafuta.